Mvuto Nne

Jumapili, Machi 2. Mvua: hakuna.

Tangu jana nina sauti moja masikioni: dadu nne zikitikiswa ndani ya kasha la bati la miwani. Si sauti kubwa. Zinatikiswa, zinamwagwa mezani, zinagongana, moja inachelewa kutulia, kisha kimya. Kimya hicho ndicho hasa kilichonifuata hadi nyumbani, kimya cha watu kadhaa wanaosubiri kitu kimoja.

Nilikuwa nimekwenda mjini kutengeneza mkono wa miwani yangu. Ilikuwa saa nane na robo mchana na duka lilikuwa limefungwa nusu, mlango umeshushwa hadi usawa wa kiuno. Niliinama, nikapiga hodi. Mwenye duka, mama wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Mama Miwani, aliniingiza, akachukua bisibisi ndogo na kuanza kukaza skurubu, lakini kila mara aligeuka kutazama chumba cha nyuma. Pazia lilikuwa wazi. Niliona meza, karatasi, penseli, mwanamume mwenye aproni ya kinyozi, na mwingine mwenye vumbi la chaki kwenye kiwiko.

"Mnacheza nini?" niliuliza. Nilishtuka kusikia sauti yangu. Ukiacha simu ya kazini, tangu Ijumaa asubuhi sikuwa nimezungumza na mtu.

"Tunacheza uongo," kinyozi alijibu kutoka ndani. "Ila ni uongo wenye hesabu."

Mama Miwani akanifafanulia. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, na watu hao wanasafiri pamoja katika nchi isiyokuwepo. Yeye ndiye Msimulizi: anawaambia mbele kuna nini, nao wanasema watu wao wanafanya nini. Penye shaka, dadu huamua. Kulikuwa na mchezaji wa nne, mfamasia, lakini mwezi uliopita kahamishwa. Kiti chake bado kipo.

"Jumamosi njoo," alisema, akinivisha miwani kwa mikono yake mwenyewe. "Njoo na penseli."

Jumatano, Machi 5. Mvua: dalili tu.

Barua kutoka kwa Mkuu wa Kanda. Kituo cha mlimani kinahitaji msoma vipimo vya hali ya hewa mmoja kwa miaka miwili. Nyumba ipo, daraja langu la kazi litapanda, gari la mahitaji hufika mara moja kwa mwezi. Nijibu kabla ya Aprili 30. Anasema amenifikiria mimi kwanza kwa sababu "umeonyesha kwamba upweke haukusumbui."

Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama, na chakula changu nikakila nikiwa nimesimama vilevile.

Jumamosi, Machi 8. Mvua: 3.1.

Nimekwenda. Naandika kila kitu, nisije nikakibadilisha kesho.

Kabla ya kucheza ni lazima umuumbe mtu wako, na anaumbwa kwa sifa sita: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Mvuto. Kwa kila sifa unarusha dadu nne, unaondoa iliyo ndogo kuliko zote, unajumlisha tatu zilizobaki. Unaandika kwa mpangilio huohuo. Kilichoangukia Nguvu ni cha Nguvu, hakuna kuhamisha.

Mwalimu, yule mwenye chaki, anafundisha hesabu katika shule ya karibu. Alikaa kulia kwangu akihakiki kila jumla ingawa hakuna aliyemwomba. Kinyozi, ambaye chumba chake cha kazi kinatazamana na duka la miwani, alikaa kushoto akitoa maoni kama mtangazaji wa mpira.

Nguvu, tisa. ("Haya, mfuko wa sukari ataubeba.") Wepesi, kumi na mbili. Ustahimilivu, kumi na nne. Akili, kumi na tatu. Busara, kumi na tano. Hapo Kinyozi alinipa mkono, akasema nimezaa mtoto mzuri.

Ukabaki Mvuto. Huo ni uwezo wa kuvuta watu, wa kusikilizwa ukisema, wa kufunguliwa mlango kabla hujamaliza kujieleza. Nilitikisa kasha, nikamwaga.

Moja. Moja. Moja. Mbili.

"Ondoa moja," Mwalimu alisema polepole. "Nne."

Kinyozi aliweka mikono kichwani. "Dada! Hata mbuzi wa jirani yangu ana sita!"

"Mara moja katika mia tatu ishirini na nne," alisema Mwalimu, kwa heshima, kama mtu aliyeona jua likipatwa.

Mama Miwani hakucheka. Alinitazama juu ya miwani yake. "Unakubali?"

Nikaziangalia tena dadu, moja moja, kama ninavyoangalia bilauri ya kupimia mvua. Nilikuwa nimehesabu sawa. "Ndiyo," nikasema. "Ndivyo zilivyoanguka."

Walitazamana. Niliona kitu usoni mwao na nikakiita huruma.

Kisha akanieleza sheria ya meza yao: mtu mwenye Mvuto chini ya sita hawezi kuzungumza na wageni. Atamnong'oneza mwenzake, na mwenzake ndiye atakayesema. Mimi nimepewa Kinyozi, ambaye mtu wake, mchawi anayejiita Bwana Harusi Mtoro, ana Mvuto kumi na saba.

Wangu nimemwita Mfuatanyayo. Kazi yake ni kusoma nyayo na kwenda mbele ya wenzake, peke yake.

Jumapili, Machi 9. Mvua: 0.0.

Nne. Nilidhani nakwenda kutafuta watu wa kuzungumza nao.

Jumamosi, Machi 15. Mvua: 11.8.

Masika yameingia. Saa tatu asubuhi nilifungua kipima mvua, nikamimina maji kwenye bilauri, nikasoma chini ya mbonyeo wa maji, nikapiga simu makao makuu. Karani wa mapokezi hajawahi kuniuliza habari. Nasema tarakimu, naye anasema, "Imepokelewa." Tangu mwenzangu alipostaafu Januari na nafasi yake kuachwa wazi, kuna siku ambazo neno hilo ndilo pekee ninaloambiwa.

Alasiri, mchezo. Tulifika kwenye daraja lenye mlinzi. Mimi niliyeziona nyayo nilijua kwamba mlinzi alikuwa amelia. Alikuwa ametembea huku na huko usiku kucha. Nikamnong'oneza Kinyozi: mwambie pole, muulize kimempata nini.

Kinyozi alisimama, akajifuta aproni. "Ewe mlinzi mwenye masharubu ya heshima! Mimi niliyeikimbia harusi yangu mwenyewe nikiwa na pete mfukoni, nakusihi!"

Wote walicheka. Daraja likafunguliwa. Pole yangu haikusemwa.

Jumanne, Machi 18. Mvua: 7.4.

Hakuna la kuandika.

Jumamosi, Machi 22. Mvua: 19.0.

Sasa wananiita Nne. "Nne kaja." "Sogea, Nne apite." Wanasema kwa furaha, najua.

Kinyozi ni mtu wa kujionyesha. Anapenda sauti yake. Nikimpa neno moja anarudi na kumi, na lile moja halimo. Leo nimeanza kumwandikia kwenye vikaratasi ili asiseme alisikia vibaya. Anakisoma, anakikunja vizuri, anakitia mfukoni mwa aproni, kisha anasema anachotaka.

Mama Miwani namstahi. Ana haki kama mizani. Akisema sheria, hairudii.

Alhamisi, Machi 27. Mvua: 22.6.

Mama alipiga simu. Barua ya mlimani nilimsomea wiki iliyopita, na hadi leo hajaacha kuizungumzia.

"Huko juu utazungumza na nani, mawingu?"

"Mama, ni kazi."

"Na hapo ulipo si kazi? Shangazi yako anasema ana mchumba wa kukuletea. Nimemwambia amlete upesi kabla hujapanda, maana wanaume wa siku hizi ngazi tu zinawashinda."

Nikacheka kidogo.

"Mbona sauti yako imekuwa ndogo, mama? Unaumwa?"

Nikamwambia ni mtandao.

Jumamosi, Aprili 5. Mvua: 91.6.

Chupa ya ndani ya kipima mvua ilijaa ikafurika kwenye mkebe wa nje. Nilipima bilauri kwa bilauri, nikiandika kila moja pembeni kwa penseli. Milimita tisini na moja nukta sita. Kwa miaka mitatu niliyokaa hapa sijawahi kusoma namba kama hiyo.

Nilipopiga simu karani alisema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena, tisini?" Nikarudia tena. Aibu iliyoje: nilifurahi. Nilitamani asinielewe hata mara ya tatu.

Barabara ya mjini imekatika. Sikwenda kucheza. Mchana kutwa nimekaa dirishani nikitazama kibanda cha vipimajoto kikiwa kimesimama katikati ya maji kwa miguu yake minne. Kama saa kumi nilisema "karibu" kwa sauti, nione kama bado inatoka. Ilitoka.

Jumatatu, Aprili 7. Mvua: 30.3.

Maji yamepungua. Chura ndani ya faneli ya kipima mvua. Nikamtoa.

Jumamosi, Aprili 12. Mvua: 14.9.

Leo kijijini (katika mchezo) kulikuwa na mwanamke aliyepotelewa na mtoto. Mfuatanyayo alizipata nyayo ndogo kando ya kisima, akajua mtoto kaelekea wapi. Niliandika kikaratasi kirefu kupita vyote. Niliandika kwamba mtoto hakukimbia, alikuwa akifuata kitu, kwamba alitembea kwa raha, kwamba mama asijilaumu.

Kinyozi alikisoma. Safari hii alichukua muda. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, bila masharubu ya heshima, bila harusi: "Mama, mwanao hakukukimbia." Akakaa.

Mama Miwani aliinamisha kichwa kama kwamba yeye ndiye aliyepotelewa.

Nilipaswa kufurahi. Lakini nikirudi nilipita duka la njiani, nikitaka sabuni. Muuzaji aliniuliza ipi. Nikanyoosha kidole. Aliuliza kubwa au ndogo. Nikanyoosha kidole tena. Nilipofika kituoni ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimefungua mdomo, na kwamba haikunipa tabu yoyote. Nilikuwa nikingoja mtu wa kunisemea.

Jumatano, Aprili 16. Mvua: 26.2.

Nimefikiri kwa utulivu. Mkuu wa Kanda ananiona hivyo. Dadu zimeniona hivyo. Wale watatu, wanaonipenda kwa namna yao, wananiita kwa namba hiyo. Mtu anaposomewa namba ileile na vipimo vitatu tofauti, kazini kwetu tunasema kipimo ni sahihi. Mlimani Mvuto hauhitajiki. Vinahitajika Busara na Ustahimilivu, navyo ninavyo.

Nimeandika kwamba nimekubali. Nimeipeleka barua posta kwa mguu, kwenye mvua, nikaisikia ikiangukia ndani ya sanduku.

Jumamosi, Aprili 19. Mvua: 17.5.

Nilikwenda nikiwa na nia ya kuwaaga. Nilijipangia: nitangoja mapumziko, nitasema nina wiki sita tu kabla ya kuhamia mlimani, nitawashukuru.

Kabla ya mapumziko mtu wa Mwalimu alikufa. Anaitwa Shoka, ana Nguvu kumi na saba, na alianguka kwenye korongo kwa sababu Mwalimu alikataa kurudi nyuma. Kinyozi alimsomea hotuba ya mazishi ("Ameacha deni la ubishi lisilolipika"), Mwalimu akachukua karatasi mpya na kasha la dadu ili aumbe mwingine.

Nguvu, kumi na moja. Wepesi, kumi na tatu. Ustahimilivu, kumi. Akili: mbili, mbili, moja, moja.

"Tano," alisema Mwalimu, uso umemshuka. "Mimi! Akili tano!"

"Mwalimu wa hesabu!" Kinyozi alipiga meza. "Dadu hazina adabu!"

"Unakubali?" Mama Miwani aliuliza.

"Sikubali," alisema Mwalimu, bila hata kuinua macho. Akakusanya dadu, akafuta namba zote kwa raba, akaanza upya kutoka Nguvu.

Nilisikia raba ikisugua karatasi. Nikangoja mtu apinge. Kinyozi alikuwa akichonga penseli.

"Inaruhusiwa?" niliuliza.

"Nini?"

"Kufuta."

"Sifa yoyote ikiwa chini ya sita, unaruhusiwa kukataa," alisema Mwalimu. "Unarusha zote upya. Ndiyo maana unaulizwa."

Nilimgeukia Mama Miwani. Yeye alikuwa ameshaelewa. Alivua miwani yake, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. "Mwanangu. Nilipokuuliza siku ile, ulidhani nakuuliza nini?"

"Nilidhani unaniuliza kama nimehesabu sawa."

Mvua kwenye bati. Kinyozi alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha katikati.

"Sisi tulidhani..." alianza.

"Wiki sita nimenong'ona," nikasema. Sikujua kwamba nimesimama. "Wiki sita. Nikadhani ni sheria. Nikadhani ni mimi."

"Tulikuuliza, Nne," alisema Mwalimu taratibu, na alikuwa na haki, na jina hilo akalisema palepale.

Nilitoka. Mlango ulikuwa umeshushwa nusu kama kawaida, na hata kwa hasira ilinibidi niiname.

Jumapili, Aprili 20. Mvua: 5.5.

Neno moja. Kwangu "unakubali?" ni swali la mkaguzi: unathibitisha ulichokisoma? Tangu nianze kazi nimelijibu mara elfu, na jibu ni moja tu, kwa sababu mvua iliyokwisha kunyesha hairudishwi mbinguni. Kwao lilikuwa mlango. Walinifungulia, nikausifu ubao wake, nikabaki nje.

Na barua imeshakwenda.

Jumamosi, Aprili 26. Mvua: 9.7.

Sikwenda. Saa nane mchana nilifua nguo. Saa tisa nilizikamua. Saa kumi nilizianika ndani.

Jumatatu, Aprili 28. Mvua: 12.0.

Saa tatu kasoro dakika tano nilikuwa naelekea kwenye kipima mvua nilipoona mwavuli mwekundu getini. Chini yake Kinyozi, suruali imekunjwa magotini, viatu mkononi. Jumatatu vinyozi hupumzika. Alikuwa ametembea kutoka mjini.

"Hodi, hodi! Usinifukuze, nimevuka mito miwili, na mmoja ulikuwa na maoni."

Sikumfukuza. Nilimwambia asimame pembeni asikinge mvua kwa mwavuli wake, nikafungua faneli. Alinyamaza kabisa nikipima. Sikujua kwamba anaweza. Nilipomaliza aliomba kuona, nikampa bilauri.

"Unasoma hapa juu kwenye kingo?"

"Hapana. Maji yanapanda kwenye kioo yanakudanganya. Soma chini, pale yalipobonyea."

Aliinama, jicho moja amelifumba. "Kumi na mbili."

"Kumi na mbili," nikasema. Nikapiga simu, nikatoa namba, nikapokelewa. Alinitazama muda wote.

"Ndiyo hayo mazungumzo yenu?"

"Ndiyo hayo."

Nilimkaribisha ndani. Nina kikombe kimoja, kwa hiyo mimi nilikunywa chai kwenye bakuli.

"Siku ile ulipoangusha nne," alisema, "nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu: leo kuna msichana kapata nne, kaulizwa anakubali, kasema ndivyo zilivyoanguka. Hakupepesa jicho. Mke wangu akasema, huyo ana roho ngumu, mlete nimwone. Tulidhani ni ujasiri, dada. Pale mezani hakuna aliyewahi kukubali hata tano."

"Na wewe kumi na saba yako?"

Alikuna kidevu. "Ya mara ya tatu."

Nikacheka hadi chai ikaniingia puani.

"Na kukusemea," aliendelea, akiangalia kikombe, "nilikusemea vibaya. Mimi kazini watu wanaongea, mimi naitikia tu 'aha, aha', na mkasi. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kusikika. Nikayatumia maneno yako kupandia jukwaani. Lakini kile cha mama na mtoto, kile nilishindwa kukiharibu."

Nami nikasema ukweli mwingine. Nikamwambia habari za mlimani. Miaka miwili. Barua. Alisikiliza bila mzaha isipokuwa mmoja, kama huko juu kuna nywele za kunyoa.

"Unataka kwenda?"

"Hapana." Ilitoka kabla sijaipima.

"Basi mpigie huyo mkubwa wako."

"Siwezi. Mpigie wewe."

Ningependa kuandika kwamba alikataa. Hakukataa, ni mtu wa kusaidia. Alichukua simu yangu, nikamwonyesha namba, akasafisha koo, akasimama kama anavyosimama mezani. Ilipopokelewa alisema, "Mheshimiwa! Nazungumza kwa niaba ya mtaalamu wako mahiri, nyota ya vipimo, ambaye moyo wake..."

Nikampokonya.

"Ni mimi," nikasema. "Wa kituo cha chini. Nimeandika kwamba nakwenda. Siendi. Naomba jina langu litoke."

Mkuu wa Kanda akauliza: "Huyo aliyekuwa akisema ni nani?"

"Ni rafiki yangu. Amekosea."

"Binti, barua yako ninayo hapa mezani, imeandikwa vizuri kabisa. Jina nimeshalipeleka kwenye kamati."

"Najua."

"Ukitaka kulitoa, njoo ulitoe mwenyewe, kwa mdomo. Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne. Na ujue daraja jipya linaondoka nalo."

Nikasema sawa. Nikaweka simu mezani.

"Nyota ya vipimo," nikamwambia Kinyozi.

"Nilikuwa bado sijafika pazuri," alisema.

Jumamosi, Mei 3. Mvua: 4.2.

Nilipoingia hakuna aliyeniita kitu. Mama Miwani alikuwa ameweka mbele ya kiti changu karatasi mpya na kasha la bati.

"Rusha upya," alisema. "Ni haki yako, na ni kosa langu. Neno nililizoea, nikasahau kwamba wewe ni mgeni."

Wiki sita zilizopita nilimwona kama mizani. Leo niliona mama aliyelala vibaya akifikiria swali lake mwenyewe.

Nilimwambia sirushi. Mfuatanyayo nimeshatembea naye mbali mno, sitaki kumfutia Busara yake wala nyayo zake. Ile nne abaki nayo. "Lakini atasema mwenyewe," nikasema. "Vibaya."

"Sheria..." Mwalimu alianza.

"Sheria nimeitunga mimi," alisema Mama Miwani. "Naitengua. Aseme, kisha arushe dadu kwa hasara yake."

Tulifika kwenye lango la mji. Askari akauliza sisi ni nani. Wote wakanigeukia. 

"Habari za kazi," alisema Mfuatanyayo. "Sisi ni watatu. Mmoja ni mpya kwa sababu wa kwanza alikufa. Hatuna nia mbaya. Nzuri pia bado hatujaipanga."

Kinyozi aliangusha penseli. Nikarusha dadu, hazikufaa hata kidogo. Tulifungwa gerezani wote watatu, Bwana Harusi Mtoro akilia kwamba gereza ni kama ndoa, na Mwalimu alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Tulikaa gerezani hadi saa kumi na mbili jioni. Hakuna aliyependekeza tutoroke.

Alhamisi, Mei 8. Mvua: 0.6.

Mvua ya leo imesomwa na Kinyozi. Nilimwomba jana, nikamwachia ufunguo wa geti, na saa tatu nilimpigia nikiwa ndani ya basi. "Nukta sita," alisema. "Nimesoma chini, kwenye mbonyeo. Naapa." Katika safu ya msomaji nimeandika: fundi wa nywele, kwa maelekezo yangu kwa simu. Mkaguzi ataniuliza, nami nitamjibu.

Kamati ni watu watatu na jagi la maji. Kwenye basi nilikuwa nimekariri sababu nzuri: afya ya mama, uhaba wa wafanyakazi kituoni. Mwenyekiti, mwanamke mwenye sauti ya upole, aliniuliza kwa nini nabadili nia. Sababu zote zikanitoka. Nikasema, "Nina watu siku ya Jumamosi."

Mkuu wa Kanda alikohoa. Wa tatu, ambaye alikuwa akichora pembeni mwa karatasi, aliacha kuchora.

"Watu gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Watatu," nikasema. "Tunacheza." Sauti ilitetemeka, nikaiacha itetemeke. Nilisema kwamba wakati naandika barua ile niliamini jambo fulani kuhusu mimi mwenyewe, na nililiamini kwa sababu sikuuliza swali. Nilisema sijui kama mimi ni mtu wa kukaa na watu, ila ndio nimeanza, na miaka miwili ni mingi. Nilirudia maneno. Mahali fulani nilisema "asante" pasipohitaji asante. Haikuwa hotuba, Kinyozi angelia.

Walinieleza kwamba daraja langu litabaki lilivyo na kwamba sitafikiriwa tena kupandishwa kwa miaka mitatu. Mwenyekiti akaniuliza kama nimeelewa vizuri. Nikauliza kitu kimoja ambacho sikuwa na hakika nacho, akanijibu.

Kisha nikachukua kalamu, nikalikata jina langu mwenyewe kwenye orodha yao, mstari mmoja, nikatia saini pembeni. Karani akanipa nakala. Nafasi ya mlimani wamempa aliyefuata.